Mchango wa Kutetea Familia: Ni Familia Gani?

  

Ndugu zangu Waislamu wa Kasuku na wa Mikelenge, na ninyi mnaovuka mto kutoka Alunguli kila Ijumaa, somo la leo ni juu ya makuta. Najua wengine wakisikia neno hilo msikitini huanza kutafuta viatu vyao. Kaeni kidogo. Leo siombi. Leo nataka tujifunze namna ya kuombwa.

Imetufikia barua nzuri yenye muhuri, kutoka kwa kikundi kinachosema kwamba kinatetea maadili ya familia katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Wanaomba tuwape Ijumaa moja ya mchango, ili wapeleke wajumbe mkutanoni, wachapishe vitabu, na waende kuzungumza na wabunge. Komite imenitaka mimi imamu nitoe rai yangu. Kabla sijaitoa, ni lazima niwaeleze jambo ambalo wazee wa komite wanalijua na vijana wengi hawalijui.

Miaka michache iliyopita alitujia mgeni mwenye barua kama hii. Alikuwa mtu wa adabu, anasoma Kurani vizuri, na mimi nikampenda. Nikapanda mimbari nikasema familia inawaka moto, nikasema watoto wetu wanachukuliwa tukiwa tumelala, nikasema asiyetoa leo asilie kesho. Watu wakatoa. Mama mmoja anayeuza mihogo alitoa faida yake ya wiki nzima. Ulikuwa mchango mkubwa kuliko wote tangu tulipoezeka msikiti huu. Siku chache baadaye mgeni akapanda ndege. Tulipata picha moja ya watu wamesimama mbele ya kitambaa chenye maandishi. Hesabu hatukuipata. Nimeandika barua tatu, nikapiga simu mpaka namba ikakatika.

Basi mwezi uleule akaja nyumbani kwangu mwanamke mwenye watoto watatu. Mume wake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Kabambare, mwaka wa pili ule, hakuna simu, hakuna chumvi. Mtoto wa kwanza alifukuzwa masomo kwa sababu ya minervali. Ninyi mnajua kwamba tangu mwaka 2019 Leta imesema masomo ya msingi ni bure, lakini sekondari mzazi bado analipa. Akaniambia: "Shehe, nilisikia mmekusanya makuta ya familia. Nikasema leo zamu yangu imefika." Kasha lilikuwa tupu. Nikamjibu: "Binti yangu, makuta yale yalikuwa ya kutetea familia kwa jumla." Akanyamaza kidogo, akauliza: "Sasa Shehe, mimi na hawa watoto ni nini?"

Nimesoma chuoni tangu nikiwa na miaka sita, nimefundisha wengi kati yenu alifu na bei, na swali lile sikuwa na jibu lake. Kijana yule hakurudi masomoni. Alimfuata baba yake kwenye machimbo.

NAMNA MAKUTA HAYA YANAVYOKUSANYWA

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Kindu tu. Kazi ya kukusanya mali kwa jina la familia ni kubwa sana duniani, na Muislamu anapaswa kuijua kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1994 kuwa mwaka wa familia. Mwaka 1997, huko Prague, ulifanyika mkutano wa kwanza wa World Congress of Families, ulioanzishwa na Wamarekani, na tangu hapo umekuwa ukizunguka miji ya dunia. Hata Waislamu wamo. Novemba 2004 Qatar iliita mkutano wa kimataifa wa familia mjini Doha, na waliosaidia kuutengeneza walikuwa watu wa chuo kikuu cha Wamormoni huko Marekani. Wakatoliki walikuwapo, wanazuoni wetu walikuwapo. Karibu na kwetu, Nairobi ilipokea mkutano wa World Congress of Families mwaka 2016, Entebbe wabunge wa nchi za Afrika walikutana mwaka 2023 kwa ajili ya maadili ya familia, na Mei 2025 Nairobi ikapokea tena mkutano wa Afrika nzima wa jambo hilohilo. Kukaa na watu wa dini nyingine kwa jambo jema si haramu. Mtume (S.A.W.) aliusifu mkataba wa Makka wa kumtetea aliyedhulumiwa, nao ulifanywa na watu kabla ya Uislamu.

Lakini mikutano hula mali. Tiketi, hoteli, vipaza sauti, vitabu, mishahara ya wanasheria. Inatoka wapi? Kwanza kwa matajiri wachache, na majina yao mara nyingi hayaonekani. Pili kwa watu wengi wadogo, kila mmoja kwa kiasi chake. Kuna kikundi kinachoitwa CitizenGO, kilichoanzishwa Hispania mwaka 2013, ambacho kazi yake ni kukusanya sahihi za watu kwenye intaneti. Unatia sahihi leo, kesho unaandikiwa barua ya kuombwa mchango. Ndivyo wanavyofanya wengi wa kazi hii, wa upande huu na wa upande ule.

Mwaka 2020 waandishi wa habari wa openDemocracy, huko London, walisoma hesabu ambazo vikundi zaidi ya ishirini vya Kikristo vya Marekani vilipeleka kwenye ofisi ya kodi ya nchi yao. Wakajumlisha wakaona kwamba tangu mwaka 2007 vikundi hivyo vimetumia zaidi ya dola milioni 54 katika Afrika. Mimi sikuitaja hesabu hiyo ili mshituke, maana si kila dola ndani yake ilikwenda kwenye kampeni. Nimeitaja kwa sababu ya kitu kingine. Waliwezaje kuhesabu? Ni kwa kuwa sheria ya Marekani inamtaka anayekusanya sadaka bila kulipa kodi aandike kila mwaka ameingiza kiasi gani na ametumia kwa nini, na karatasi hiyo mtu yeyote anaweza kuiomba. Makanisa yenyewe yamesamehewa, na majina ya wachangiaji hufichwa, kwa hiyo si uwazi kamili. Hata hivyo mtu wa London anaweza kuhesabu dola ya Arizona. Na sisi wenye kitabu na Sunna hatuwezi kuhesabu franka za Kasuku zilizotoka mikononi mwetu wenyewe.

Nimejifunza jambo lingine, nalo ni la aibu. Nilipotisha watu, makuta yalikuja. Nilipoomba minervali ya yatima Ijumaa iliyofuata, zilikuja noti za mia mia zilizochanika. Hofu inafungua mifuko kuliko huruma, na wanaoandika barua hizi wanalijua hilo vizuri. Ukiitazama barua iliyo mbele yetu, hofu iko mstari wa kwanza, siku ya mwisho ya kutoa iko mstari wa pili, na namba ya kutumia makuta iko mstari wa tatu.

MFANO WA KENYA, MWAKA 2010

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo penye somo.

Ndugu zetu wa pwani ya Kenya wana mahakama za kadhi. Ni za zamani. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alipowaachia Waingereza waitawale pwani yake, makadhi walibaki. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar waliandikiana kwamba makadhi wataendelea. Kazi ya kadhi ni nini? Ni ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Yaani ni mahali ambapo mwanamke aliyeachwa bila matumizi anakwenda kudai, na mahali ambapo yatima anapata fungu lake ami zake wakitaka kulimeza. Kwa lugha nyingine, ni mahakama ya familia.

Mwaka 2010 Wakenya walitengeneza katiba mpya. Makanisa mengi yaliipinga kwa mambo mawili: maneno yaliyohusu kutoa mimba, na mahakama za kadhi. Kesi ya kupinga mahakama hizo ilikuwa imefunguliwa na viongozi wa makanisa tangu mwaka 2004, na Mei 2010 majaji watatu wakaamua kwamba kuwekwa kwake katika katiba ya zamani hakukuwa halali. Wakati huo shirika la American Center for Law and Justice, lililoanzishwa na mhubiri wa televisheni Pat Robertson mwaka 1990, lilikuwa limefungua tawi Nairobi, nalo likaipinga katiba kwa sababu hizohizo mbili. Wa upande wa pili nao walishutumiwa kwamba wanasaidiwa kwa dola za serikali ya Marekani. Tarehe 4 Agosti 2010 watu wakapiga kura, karibu 67 kwa mia wakasema ndiyo, na mahakama za kadhi zipo mpaka leo katika kifungu cha 170.

Sasa mfikirie mama mmoja mzee huko Marekani, mcha Mungu kwa dini yake, anatuma dola zake kumi kwa shirika linalosema linatetea uhai na familia. Hana nia mbaya. Wala hajui kwamba sehemu ya kazi ya shirika hilo ni kufunga mlango wa kadhi kwa mwanamke wa Lamu anayedai chakula cha watoto wake. Neno familia lilikuwa moja. Familia zilikuwa mbili.

Na hapa kwetu je? Vingi katika vikundi hivi vinaandika katika misingi yao kwamba familia ni mume mmoja, mke mmoja na watoto wao. Ni haki yao kuamini hivyo. Lakini katika misikiti ya Kindu, Kasongo na Kibombo kuna mabibi wa pili wasiohesabika, walioolewa kwa nikah na mahari na mashahidi. Mchango wako ukienda huko, yule mama yumo katika familia inayotetewa, au yumo katika mambo yanayopigwa vita? Mimi sijui. Barua haisemi. Inatakiwa iulizwe.

SHERIA YA MWENYEZI MUNGU NA SHERIA YA LETA

Katika Suratul Baqara, aya ya 215, watu walipouliza watoe nini, jibu lilianza na wazazi, likaenda kwa jamaa wa karibu, kisha yatima, masikini na msafiri. Tazameni mpango huo: unaanzia mlangoni kwako. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba dinari yenye malipo makubwa zaidi ni ile mtu anayoitumia kwa watu wa nyumbani mwake. Hindi binti Utba alipokwenda kushitaki kwamba Abu Sufyan, mume wake, ni bahili, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Utetezi wa familia ndio huo. Ulianza na unga.

Zaka ina mafungu manane, yametajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Wengine watasema kampeni ya kutetea familia ni katika njia ya Allah, na kweli wapo wanazuoni wa zama hizi, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi, waliolipanua fungu hilo mpaka kwenye kazi ya ulimi na kalamu. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne hawakulipanua hivyo. Mimi nafuata wengi. Zaka ya msikiti huu haitakwenda kwenye mkutano wa hotelini maadamu kuna yatima wa Mikelenge anayelala na njaa. Sadaka ya hiari ni jambo lingine. Hiyo mtu anaweza kumpa amtakaye, lakini hiari bila kujua si hiari.

Na anayekusanya ana haki ya ujira wake, maana Kurani imemtaja katika yale mafungu. Lakini mnakumbuka habari ya Ibn al-Lutbiyya, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume alimtuma kukusanya zaka, aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume hakunong'ona naye pembeni. Alisimama juu ya mimbari, mbele ya watu, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake zawadi hizo zingemfuata. Hesabu ya mali ya watu ilisomwa mimbarini, mahali palepale ninaposimama mimi kuwatisha.

Leta nayo ina sheria yake. Sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema shirika lisilotafuta faida haliwagawii wanachama wake mali, na linatakiwa liwe na statuti zake na karatasi ya kutambuliwa na waziri wa haki. Muhuri peke yake si karatasi. Muhuri unachongwa sokoni.

Barua pia inasema ndoa itafutwa kesho katika Kongo. Ndugu zangu, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inasema kila mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine na kujenga familia. Sheria inaweza kubadilishwa, ni kweli, na kuwa macho ni vizuri. Lakini kinachovunja nyumba za Maniema leo nakiona kwa macho yangu kila wiki, na hakikuja kwa ndege. Ni mume aliyekwenda machimbo asirudi. Ni nikah isiyoandikishwa komini: sheria ya familia ya mwaka 1987, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, haihesabu ndoa ya msikitini peke yake, na mwanamke akifika kwa hakimu bila karatasi anaulizwa wewe ni nani. Ni binti wa miaka kumi na nne anayeozeshwa ili deni la baba yake liishe, na sheria hiyo inataka miaka kumi na minane. Wengine watanikasirikia kwa hili la mwisho. Waje, tutazungumza.

RAI YANGU

Sikusema tuwafukuze. Huenda ni watu wa kweli, na mimi nimeumwa na nyoka mpaka naogopa kamba. Nimeishauri komite iwajibu kwa heshima, iwaombe statuti na karatasi ya waziri, hesabu ya mwaka uliopita, na majina ya wengine wanaowachangia. Watuandikie pia mke wa pili na watoto wake wana nafasi gani kwao, na katika kila franka elfu moja ni ngapi zinabaki katika safari na hoteli. Wakijibu, waje wasimame wenyewe mbele yenu, mimi nikiwa nimekaa chini pamoja nanyi, na ninyi muwaulize. Kasha lao litakuwa mbali na kasha la msikiti, na litahesabiwa hapahapa na watu wanne, wawili kati yao katika wamama wetu. Wasipojibu, hakuna Ijumaa yao.

Na wakati tunangoja, Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi itakuwa ya kasha la minervali na la kuandikisha ndoa komini. Walioolewa bila karatasi walete majina kwa mama mkuu wa wamama, si kwangu. Najua wengine wanaona haya mbele ya imamu. Vijana mnaokwenda machimbo, mwaandikie wake zenu kabla ya kuondoka: jina la mahali, jina la mkubwa wa shimo, namba ya simu ya mtu atakayejua kama mko hai.

Kwa yule mama nimekwenda mwenyewe na mke wangu. Nilichompelekea hakikutosha, na mtoto wake hajarudi. Tumetuma salamu kwa wasafiri wa Kabambare.

Leo, mkitoka, mtaona karatasi mlangoni upande wa viatu. Ni hesabu ya mchango ule wa zamani, ambayo nilipaswa kuwasomea tangu wakati ule. Nimeandika tarehe, kiasi kilichokusanywa, jina langu kama aliyehimiza, na mkono uliopokea. Mstari wa matumizi nimeuacha mtupu.